Kijiko Mlangoni

Tulikuwa tumekwisha kula, vyombo bado viko mezani, na mazungumzo yakafika pale yanapofika kila ndugu wanapokutana baada ya kupoteana kwa muda mrefu: nani alikuwa wapi mwaka 2020, na alipitia nini. Kaka yangu alisema kwamba lau angepewa uwezo wa kung'oa mwaka mmoja katika maisha yake, angeung'oa huo bila kufikiri mara mbili. Sisi watu wazima tukaitikia kwa vichwa. Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 8 na sasa ana 13, alikuwa akizungusha kizibo cha chupa juu ya meza kwa ncha ya kidole. Akasema bila kuinua macho:

"Mimi ndio mwaka ninaoupenda kuliko yote."

Kaka yangu aliishusha bilauri yake polepole mno, kama mtu anayeogopa kwamba ikilia italeta maneno. Huyu ndiye aliyemzika baba yetu kwa kutazama kioo cha simu, kwa sababu mipaka ilikuwa imefungwa na hakukuwa na ndege ya kumleta. Hakumkaripia mtoto. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, na katika kule kunitazama nilisoma swali ambalo hakulitamka: huyu mmemlea kwa hadithi gani?

Nilisema neno la kupoza mambo, nikakusanya sahani.

Hizi ni wiki 6 tangu siku ile, na swali lile halijaniacha.

Risiti za furaha

Mwanzoni nilitaka kumtetea binti yangu, na utetezi wenyewe haukuwa mgumu kuupata. Shule zilipofungwa, UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliobaki majumbani katika nchi zaidi ya 190, na yeye alikuwa mmoja wao bila kujua kwamba ni tarakimu. Alichojua ni kwamba baba yake, ambaye kwa kawaida alirudi kazini akamkuta amelala, sasa alikuwapo asubuhi, mchana na jioni, na alikuwa amejitwika kazi ya kumnyoa nywele, kazi ambayo hakuwa na kipaji nayo hata kidogo. Alijua kwamba babu yake, yaani baba yangu, aliyekuja kututembelea kwa wiki 2 mwezi Machi, hakuweza kuondoka tena. Kwa mtoto wa miaka 8, kufungwa kwa dunia kulimaanisha kwamba watu aliowapenda walikuwa wamefungiwa pamoja naye.

Utetezi huo ulinitosha kwa siku mbili hivi. Kisha nikaanza kuutilia shaka, kwa sababu niliufahamu mtego wake. Mwaka uleule niliwahi kujaribu zoezi ambalo mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake waliliandikia utafiti mwaka 2005: kila usiku unaandika mambo 3 yaliyokwenda vizuri siku hiyo, pamoja na sababu yake. Walioshiriki walilifanya kwa wiki moja, na wakaripoti kwamba nafuu yake iliwafuata kwa miezi kadhaa. Mimi nililifanya kwa siku 9. Usiku wa kumi niliandika kwamba maji ya kuoga yalikuwa ya moto, nikakaa nikiitafuta ya pili, nikafunga daftari. Silidharau zoezi lenyewe. Niliacha kwa sababu niligundua kwamba nilikuwa nikiandika risiti, kana kwamba siku moja kutakuwa na mkaguzi atakayekuja kupima mema upande mmoja na mabaya upande wa pili, na mimi nilihitaji karatasi za kumwonyesha.

Upo pia ukweli mwingine ambao hauniruhusu kuusifu mwaka ule kwa sauti kubwa. Mlango uleule uliotufungia sisi na babu mcheshi, katika nyumba nyingine ulimfungia mtu pamoja na yule anayempiga. Wako watoto ambao shule ilipofungwa hawakurudi tena darasani. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vya kutosha kiasi kwamba mgonjwa angeweza kupewa chake peke yake, na jambo hilo tu lilitutofautisha na mamilioni ya watu. Ninaposema tulipata nyakati za mwanga, nasema kwa sauti ya chini.

Hata hivyo binti yangu hakuwa akizungumzia risiti. Hakusema kwamba mwaka ule ulikuwa na mazuri yake. Alisema anaupenda.

Daftari lenye pande mbili

Nililikuta daftari nikiwa natafuta kitu kingine, kama ilivyo ada. Ni daftari la kawaida la shule, jalada lake limelegea. Ukilifungua kwa mbele utakuta mwandiko wangu: tarehe, saa, joto la mwili, dawa aliyopewa, amekula au hakula. Unaanza Jumapili, tarehe 9 Agosti 2020, siku ambayo Baba alisema anasikia baridi wakati sisi wengine tulikuwa tukijipepea. Kuanzia tarehe 14 panaongezeka safu moja zaidi, kwa sababu siku hiyo jirani alituazima kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Safu hiyo inakwenda hivi: 95, 94, 93, 92, 91, 88.

Ukiligeuza daftari na kulifungua kwa nyuma, utakuta mwandiko wa binti yangu, herufi kubwa zinazopanda mlima. Nako kuna tarehe, na kuna safu mbili. Moja imeandikwa BABU, nyingine imeandikwa MIMI.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tulitumia daftari moja.

Jinsi walivyocheza

Baba alijitenga katika chumba cha mwisho, mlango umefungwa, dirisha liko wazi, na ni mimi peke yangu niliyeingia, nikiwa nimevaa barakoa. Siku ya pili alituma ujumbe kupitia kwangu kwamba anataka kipande cha boksi, kalamu ya wino mzito na vizibo 24 vya chupa. Alichora ubao wa drafti. Binti yangu alikaa sakafuni upande wa pili wa mlango, naye ana ubao wake, ule wa mbao. Kila mmoja akasogeza kete zake na za mwenzake pia, wakiambizana kwa sauti: safu ya ngapi, chumba cha ngapi. Kwa kuwa drafti huchezwa katika vyumba vyeusi tu, kila safu ina vinne, na mtoto alizoea hesabu hiyo haraka kuliko nilivyotegemea.

Baba alikuwa mkali wa kanuni. Kwake, kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mahali pa kuliwa, hakuna kujifanya hukuiona, hata kama kuila kutakuingiza katika mtego, na mara nyingi kwa Baba ulikuwa ni mtego. Nilikuwa nikipita ukumbini na kumsikia akicheka mle ndani, kicheko kinachoishia katika kikohozi, na mtoto akilalamika huku nje kwamba kanuni hiyo imetungwa na watu wabaya.

Alhamisi ya tarehe 13 nilipita nikasikia kimya. Kisha nikasikia mlio: tik, tik, tik, tik. Kituo. Tik, tik. Baba alikuwa amesogeza kiti hadi mlangoni na alikuwa akigonga ubao wa mlango kwa mgongo wa kijiko: kwanza safu, kisha chumba. Aligonga mahali kete inapokwenda tu, basi, kama kulikuwa na kete mbili ambazo zingeweza kufika hapo, mtoto aliuliza, "Ya kulia au ya kushoto?", na kijiko kikajibu mara moja au mara mbili. Asubuhi binti yangu aliposema "Shikamoo, Babu," kijiko kiligonga mara moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa marahaba.

Binti yangu aliichukulia kuwa lugha ya siri, na aliitunza hivyo. Alimfundisha baba yake. Usiku alinigongea ukutani kuniaga. Nakumbuka nilimpigia kaka yangu simu nikamweleza, naye akacheka, akasema mzee hawezi kuumwa sana kama bado ana akili ya kubuni mambo kama hayo.

Nami nikakubaliana naye.

Nambari ambayo sikuisoma

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki nyingi, na sitajifanya kwamba nimekwamuka.

Sasa nikilisoma daftari pande zote mbili kwa pamoja, jambo liko wazi kiasi cha kutia aibu. Baba alianza kutumia kijiko kwa sababu sauti ilikuwa imeanza kumgharimu. Sentensi ya maneno manane ilimkatikia katikati. Kijiko hakikohoi. Kile ambacho mtoto alikipokea kama mchezo mpya kilikuwa dalili, na dalili hiyo ilikuwa ikigonga mlango wangu mwenyewe, tena kwa mpangilio, na mimi nikawa napita na ndoo nikitabasamu.

Upande wa mbele wa daftari, Jumapili tarehe 16, mbele ya nambari 93, niliandika kwa mkono wangu: "Leo yu imara. Amemfunga mjukuu mara 4." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.

Najua majibu ya kujitetea. Ugonjwa huu uliwashangaza hata madaktari kwa namna ulivyoweza kuishusha oksijeni ya mtu bila yeye kuhema wala kulalamika, mgonjwa akawa anazungumza na kutania huku nambari inayosomeka kidoleni ni ile ambayo kwa kawaida humkuta mtu hajiwezi. Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo kuhusu kutumia kifaa kile kwa wagonjwa walio nyumbani mwezi Januari 2021, miezi 5 baada ya sisi kukiazima kwa jirani tukiwa hatujui vizuri kinasema nini. Niliyempigia simu kuomba ushauri aliniambia tuendelee kumwangalia, na kwa jinsi wodi zilivyojaa, sidhani kama angeweza kusema tofauti. Tarehe hizo nimezishika kichwani, na usiku nyingine hunisaidia.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 19, kifaa kilisoma 88. Baba alikuwa ameketi kitandani. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema hajambo, akauliza kama mtoto amekwisha amka. Tulimpeleka hospitali saa ile ile. Alifariki tarehe 28.

Kwa hiyo unaona ugumu wangu. Ule mwanga ambao binti yangu anaukumbuka haukuwa kando ya ugonjwa, kama taa iliyowashwa katika chumba cha pili. Ulitoka katika ugonjwa wenyewe. Na zaidi ya hapo, ulinipofusha. Laiti nyumba ingekuwa kimya na yenye huzuni wiki ile, huenda ningesikiliza kifua cha baba yangu badala ya kusikiliza kijiko. Nilipofika hapo katika kufikiri, nilimwelewa kaka yangu na bilauri yake. Nilifikia hata kutaka kumwambia binti yangu ukweli, ili aache kuupenda mwaka ule. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo alikuwa shuleni.

Sekunde 30 za mwisho

Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo sijui kama nilipende. Watu walitumbukiza mkono katika maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Zamu nyingine walifanya vilevile kwa sekunde 60, lakini mkono ukabaki majini kwa sekunde 30 zaidi, huku maji yakipashwa kidogo hadi nyuzi 15, ambayo bado ni baridi ya kuuma. Walipoulizwa wangependa kuirudia zamu ipi, wengi wao walichagua ile ndefu. Walichagua maumivu mengi zaidi, kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa na nafuu kidogo.

Mwaka wetu nao ulikuwa na sekunde zake 30.

Tarehe 8 Desemba habari zilionyesha mwanamke wa miaka 90 nchini Uingereza akipewa chanjo, na dunia nzima ikashangilia. Mimi nilijikuta nikihesabu. Siku 102 tangu kifo cha Baba. Nilizima televisheni, na mume wangu hakuuliza kwa nini.

Lakini jioni ya tarehe 21 alitutoa nje sote kutazama upande wa magharibi. Sayari mbili, Mshtarii na Zohali, zilikuwa zimesogeleana angani kiasi ambacho hakijaonekana tangu mwaka 1623, nafasi kati yao ikiwa kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja, yaani nyembamba kuliko hata robo ya upana wa mwezi mpevu. Kwa macho ya kawaida zilikuwa nukta mbili zinazogusana. Binti yangu, ambaye kwa miezi 9 alikuwa amefundishwa kwamba kati ya mtu na mtu lazima pawe na angalau mita moja, alizitazama kwa ukali wa askari.

"Wako mita ngapi?"

Baba yake akamwambia kwamba tunaona zimekaribiana kwa sababu tu ziko karibu katika mstari mmoja na sisi, ila kati yao kuna zaidi ya kilomita milioni 700.

"Basi hao wamezidisha," akasema.

Nilicheka. Nilijishtukia nikicheka, nikanyamaza, kisha nikacheka tena kwa sababu mume wangu hakuweza kujizuia. Kwa muda mrefu nimeihesabu jioni hiyo kuwa mahali ambapo nyumba yetu ilianza kupumua, na sasa Kahneman ananiuliza kama si ile nyuzi moja tu ya ziada, iliyowekwa mwishoni ili niudanganye moyo. Huenda ndivyo. Nimeamua kutobishana naye, kwa kuwa hata akinishinda, kicheko kile hakirudi nyuma kikafutika. Ila nimeona kwamba nadharia yake haimgusi binti yangu. Nilipomuuliza juzijuzi kama anazikumbuka zile sayari, alifikiri, akasema anakumbuka kidogo, kulikuwa na mbu.

Anachokikumbuka yeye ni mlango.

Nilipomuuliza

Jumamosi iliyopita nililiweka daftari mezani mbele yake, upande wa nyuma ukiwa juu. Sikuwa nimepanga hotuba. Alilitambua mara moja, akacheka kuona alivyokuwa akiandika herufi "B", akaanza kupitisha kidole juu ya safu zake. Siku za mwanzo matokeo yalikwenda huku na huku: Babu 2, mimi 3, Babu 3, mimi 2. Kuanzia ile Alhamisi ya kijiko, Babu alishinda karibu kila mchezo.

Nikamwambia, kwa uangalifu wa mtu anayebeba kitu chepesi kuvunjika, kwamba nadhani Babu alianza kugonga kwa sababu alikuwa akishindwa kuzungumza. Kwamba haikuwa lugha ya siri hasa.

Aliniangalia kwa mshangao, lakini haukuwa mshangao niliokuwa nimejiandaa nao.

"Najua, Mama. Si aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba kusema kunamchosha. Akasema nisikwambie, utamkataza kucheza." Alinyamaza kidogo, akazungusha daftari. "Ndiyo maana nilikuwa namwachia. Nikishindwa haraka, anapumzika."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nikiziona zile 4 za Jumapili, na ile sentensi yangu ya upande wa pili wa karatasi, nyuma yake kabisa, kiasi kwamba wino wangu umepenya na kuonekana kati ya tarakimu zake: yu imara. Mtoto wa miaka 8 alikuwa amekaa sakafuni akitafuta njia za kupoteza kete zake upesi bila mzee kugundua, na kumfanya mzee asigundue katika drafti si kazi ndogo. Alikuwa ameisikia dalili kabla yangu. Akaamua la kufanya, kwa uwezo aliokuwa nao, akalifanya kwa siku 6 mfululizo. Nami nilikuwa nimekaa wiki 6 nikijiuliza nimpe vipi habari hizo.

Sijamwambia kaka yangu bado. Nilimtumia picha ya ukurasa ule, bila maelezo, naye akajibu kwa kuuliza kama tunavyo bado vile vizibo. Tunavyo. Kimoja ndicho kilichokuwa mezani siku ile.

Kidole cha binti yangu kilikuwa kimefika tarehe 18, siku ya mwisho kabla hatujampeleka Baba hospitali. Babu 3, mimi 1. Nilitaka kusema jambo la kutuchangamsha sote wawili, nikamwambia kwamba angalau ile moja ya Jumanne hakumwachia, ile alishinda kwa haki yake.

Alitikisa kichwa.

"Babu alikuwa anaziweka tu, Mama. Kila anapogonga, ni mahali ambapo lazima nile. Ile nilitaka kushindwa, nikashindwa."